Daftari la Marehemu Lisichomwe

(Mazungumzo haya yalisomwa redioni juma lililopita. Tunayachapa hapa kwa ajili ya wasomaji wetu.)



Sisi tuliolelewa na redio tunayajua vizuri matangazo ya vifo. Mtangazaji hushusha sauti, kisha husoma kwamba bwana fulani wa mahali fulani anasikitika kutangaza kifo cha mzee wake, kilichotokea siku fulani, na mazishi yatafanyika mahali fulani. Halafu hutajwa ndugu wa mbali, na mwisho husomwa yale maneno ambayo hata mtoto mdogo anayajua: habari ziwafikie ndugu na jamaa wote popote walipo. Tangazo lenyewe halimalizi hata dakika moja. Mtu ameishi miaka sabini, amelima, ameoa, amesomesha, amegombana na kupatana, na yote hayo yanapita redioni kwa muda wa kumeza mate.

Nimeanza na jambo hilo kwa sababu ya barua niliyoletewa majuzi. Imeandikwa kwa mkono, kwa wino wa buluu, na mama mmoja mjane anayeishi upande wa Temeke. Jina lake nalihifadhi. Anasema mumewe alikuwa fundi cherehani kwa zaidi ya miaka thelathini, na kwamba ameacha kaunta buku tatu. Kurasa za mbele zimejaa vipimo vya wateja: kiuno, kifua, urefu wa mkono, na nani amelipa na nani hajalipa. Ukizigeuza, kurasa za nyuma zimejaa mashairi. Mama yule anasema alijua kwamba mumewe anaandika, lakini hakujua kwamba ameandika mengi kiasi hicho.

Sasa mirathi imegawanywa. Cherehani amechukua mtoto wa kwanza, kitanda kimekwenda kwa mwingine, na nyumba inauzwa. Mnunuzi anakabidhiwa mwisho wa mwezi. Zile kaunta buku tatu hazina anayezitaka. Mtoto mmoja amesema zinakusanya mende tu, heri zichomwe pamoja na takataka nyingine. Mama anauliza hivi, nami nayasoma maneno yake kama alivyoyaandika: "Ndugu mtangazaji, wewe unayependa kutuambia habari za washairi, niambie ukweli. Nizitunze kwa faida ya nani? Aliyeandika amekwisha kufa."

Mama yangu, swali lako limeninyima usingizi siku mbili. Ningeweza kukujibu kwa neno moja jepesi, lile linalopendwa sana kwenye hotuba za mazishi ya wasanii, kwamba mshairi hafi. Lakini umeniomba ukweli, na ukweli ni kwamba mshairi hufa. Hufa kama fundi cherehani, kama mvuvi na kama sultani. Hapana budi basi tuulize vizuri zaidi. Washairi wetu wa zamani, walipokiona kifo kimesimama mlangoni, walishika kalamu kwa matumaini gani? Na matumaini hayo yalitimia, au yalikuwa ndoto za mgonjwa? Tuitazame historia, kisha nitakujibu.

Tuanze na kisiwa cha Pate, kaskazini ya pwani ya Kenya. Niliwahi kufika huko mara moja. Mashua kutoka Lamu husubiri maji yajae ndipo iweze kupita, na ukifika unaona kuta za mawe zilizovunjika, na katikati ya kuta hizo watu wanalima tumbaku. Mahali hapo palikuwa na mji wenye masultani, wafanyabiashara, wafua fedha na wafuma hariri. Utajiri wake ulitokana na bahari. Lakini ugomvi wa wenyewe kwa wenyewe na vita na majirani vikaudhoofisha. Mnamo mwaka 1812 hivi, majeshi ya Pate na ya Wamazrui wa Mombasa yalishindwa na watu wa Lamu katika vita vya Shela, na tangu hapo nguvu za Pate hazikurudi.

Katika miaka hiyo aliishi Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mtu wa ukoo wa masharifu, mwanachuoni na mshairi. Yeye ndiye aliyetunga Al-Inkishafi. Beti zake hazifiki themanini, lakini hakuna mwanafunzi wa ushairi wa Kiswahili anayeweza kuzikwepa. Katika utungo huo mshairi hazungumzi na sultani wala na adui. Anazungumza na moyo wake mwenyewe. Anaukaripia, anaubembeleza, anauuliza kwa nini unaing'ang'ania dunia kama kwamba utakaa milele. Kisha anaushika mkono, kwa namna ya kusema, na kuutembeza katika majumba ya matajiri wa Pate. Anauonyesha jinsi kumbi zilivyong'aa kwa taa na vyombo vya thamani, halafu anauonyesha jinsi ndege, popo na wadudu walivyorithi vyumba vile vile.

Utauliza, matumaini yako wapi hapo? Kwa mtazamo wa kwanza hayapo. Utungo unakwenda mpaka kaburini na kuupita, hadi kwenye hukumu na moto. Lakini angalia kazi anayoifanya Sayyid Abdalla. Ameona mji wake unakufa. Hawezi kuurudisha, hana jeshi wala hazina. Anachoweza kufanya ni kuuzuia usife bure. Anayageuza magofu yakawa somo, ili yule atakayesoma ajiandae mapema kuliko walivyojiandaa wenye majumba. Na ona jambo la ajabu lililotokea. Wale mabwana waliojenga kwa mawe na chokaa, leo wengi wetu tunajua kwamba walikuwapo kwa sababu tu mtu mmoja aliandika kwamba wamepotea. Nyumba zao zimeanguka, na beti zile zinasomwa.

Tutoke mji wa Pate, lakini tusiondoke kisiwani. Miongo michache baadaye aliishi katika kisiwa hicho bibi mmoja aitwaye Mwana Kupona binti Msham. Mumewe alikuwa Sheikh Mataka, mtawala wa Siyu, yule aliyewasumbua sana watu wa Seyyid Said wa Unguja, akakataa kuwapigia magoti. Kwa hiyo Mwana Kupona hakuwa mwanamke wa kukaa pembeni ya historia. Alilala na kuamka katika nyumba ya vita. Mumewe akatangulia, akamwacha na watoto wawili, wa kike na wa kiume. Kisha yeye mwenyewe akashikwa na maradhi ya muda mrefu.

Hapo ndipo alipotunga utendi ambao mpaka leo unaitwa kwa jina lake. Ulikamilika mwaka 1275 wa Hijria, yaani mwaka 1858 hivi, naye alifariki mnamo mwaka 1860. Unaanza kwa jambo dogo kabisa la nyumbani. Mama anamwita binti yake, Mwana Hashima, aje karibu na alete wino na karatasi, kwani ana maneno ya kumpa. Mama anajua hatakuwapo siku binti atakapoolewa, hatakuwapo siku atakapogombana na wakwe, wala siku atakapojifungua. Basi anamwachia sauti yake kwenye karatasi.

Nasaha zenyewe zimezua mabishano. Mwana Kupona anamwambia binti yake kwamba radhi za watu ni muhimu, akianza na Mwenyezi Mungu na Mtume, kisha baba na mama, kisha mume. Na habari za mume anazieleza kwa urefu: amhudumie, amtii, asimchukize. Akina mama wengi wa leo wakisoma hapo hukunja uso, nami siwalaumu. Wanafunzi wa chuo wameniuliza zaidi ya mara moja kwa nini tumsifu mama anayemfundisha mwanawe kuinamisha kichwa. Wengine hujibu kwamba ukisoma vizuri utaona ujanja, kwani mume anayeelezwa humo ni kama mtoto mdogo wa kulelewa, na anayemlea ndiye mwenye akili. Mabishano hayo sitayamaliza leo. Nataka tu uone kwamba huyo ni mjane mgonjwa, bintiye atabaki bila baba na bila mama katika kisiwa kilichochoshwa na vita. Anampa silaha alizozijua yeye. Kama silaha hizo leo hatuzitaki, hofu iliyomfanya azitoe tunaijua sote tulio wazazi.

Tena mwishoni hamwandikii Hashima peke yake. Anawaombea wanawe, anawaombea ndugu zake, anajiombea apone, na anawakaribisha wanawake wengine wausome utendi huo. Maradhi hayakumwachia muda mrefu. Lakini Mwana Hashima aliishi mpaka uzee mkubwa, na habari zake zinafika hadi miaka ya 1930 huko Lamu. Hesabu mwenyewe, ndugu msikilizaji. Binti aliyekuwa kijana mama yake alipofariki aliishi na maneno ya mama yake kwa karibu miaka sabini. Utendi ulinakiliwa kwa mkono, ukapita nyumba hadi nyumba, ukaimbwa na wanawake wasiojua hata kuandika, mpaka mwaka 1917 bibi wa Kiingereza, Alice Werner, alipouchapisha pamoja na tafsiri.

Sasa tushuke kusini hadi Tanga. Marehemu Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909, hakuwa sharifu wala mtoto wa mtawala. Alikuwa karani wa serikali ya kikoloni, tena kwa miaka mingi katika idara ya forodha. Mchana aliandika hesabu za mizigo ya watu wengine, jioni akaandika mambo yake. Mkewe Amina alipofariki, alimtungia shairi la maombolezo lenye jina hilo hilo la Amina. Waliosoma shule zetu za sekondari wanalikumbuka. Humo hajidai ushujaa. Anakiri kwamba aliomba apone na hakupona, na kwamba bado haamini yaliyotokea. Lakini hamalizii hapo. Anamalizia kwa kutazama siku ambayo vumbi litaunganishwa tena na mapenzi kurejea.

Ila mimi naona matumaini yake makubwa zaidi yako katika kazi nyingine. Katika kitabu chake cha Maisha Yangu amesimulia jinsi alivyobaki na watoto wa kuwalea. Aliwatungia tenzi mbili: Utenzi wa Hati kwa ajili ya binti yake, na Utenzi wa Adili kwa ajili ya mwanawe wa kiume. Msikilizaji, unaona kilichotokea? Mwana Kupona alikuwa mama anayekufa akamwandikia binti. Shaaban Robert ni baba aliyebaki hai, akaishika kalamu ambayo ingekuwa ya mama. Njia ni ile ile, karibu miaka mia baadaye, na mbali sana na Pate. Aliyefiwa hakukaa na machozi yake peke yake. Aliyageuza yakawa kazi, na kazi hiyo ilikuwa na mtu wa kuipokea.

Naye hakukaa sana. Aliiona Tanganyika ikipata uhuru mwezi Desemba 1961, na mwezi Juni 1962 akafariki, akiwa na umri wa miaka 53. Baadhi ya kazi zake kubwa hakuziona zikiwa vitabu. Utenzi wa Vita vya Uhuru, ule mrefu kupita kiasi unaohusu vita kuu ya pili, ulitoka mwaka 1967. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote vilitoka mwaka 1968. Yaani mtu alikuwa kaburini, na miswada yake bado inatembea kwenda kwa wapiga chapa.

Kuna mfano wa nne, na huu ni wa namna nyingine kidogo. Mwaka 1969, kijana wa Mombasa, Abdilatif Abdalla, aliyezaliwa mwaka 1946, alifungwa miaka mitatu na serikali ya Rais Jomo Kenyatta. Kosa lake lilikuwa kuandika karatasi iliyouliza Kenya inakwenda wapi. Sehemu kubwa ya kifungo chake alitengwa na wenziwe. Hiyo si mauti, lakini ni ndugu wa mauti: mtu amefukiwa akiwa hai, haonekani, hasikiki. Hakuruhusiwa kuwa na karatasi za kuandikia, akatunga na kuandika kwa siri kwenye karatasi za chooni. Alitoka mwaka 1972, na mashairi yale yakachapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki.

Katika diwani hiyo limo shairi la Mamba. Mshairi anamzungumzia mamba mwenye nguvu zake majini, anayetisha wote, anayejiona hana mwisho. Na mshairi anamkumbusha kwamba mwisho anao. Nikilisoma hukumbuka Al-Inkishafi, ingawa hazifanani kwa sura. Sayyid Abdalla aliwaambia wenye majumba kwamba watakufa, na ikawa habari ya kuhuzunisha. Abdilatif alimwambia mwenye nguvu kwamba atakufa, na kwa mfungwa hiyo ikawa habari njema. Kifo kile kile! Kwa mwenye enzi ni tishio, kwa mwenye minyororo ni ahadi kwamba hakuna jela ya milele. Na dunia ina vichekesho vyake: mwaka 1974 kitabu hicho kilipewa tuzo ya fasihi yenye jina la Jomo Kenyatta.

Sasa nirudi kwako, mama wa Temeke. Utaniambia kwamba hao ni watu wakubwa, majina yao yamo vitabuni, na mume wako alikuwa fundi wa kupunguza suruali. Ni kweli. Lakini jiulize, hao wakubwa tuliwapataje?

Mfikirie Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mnamo mwaka 1840. Mashairi yake aliyatoa mdomoni, sokoni na barazani, kuhusu vita, mapenzi, njaa na bei ya vitu. Hakuacha kitabu. Nusu karne ilipita. Walioyaokoa ni watu waliokuwa nayo kichwani, na kati yao jina la Mwalimu Sikujua halistahili kusahauliwa, kwani yeye ndiye aliyeyakusanya na kuyaeleza, na Mzungu aliyeitwa W. E. Taylor akayachukua. Diwani ya Muyaka ilichapishwa mwaka 1940, miaka mia moja baada ya mwenyewe kufa. Kama Mwalimu Sikujua angesema, "Aliyetunga amekwisha kufa, nikumbuke kwa faida ya nani?", leo Mombasa isingekuwa na Muyaka.

Na tendi za pwani hivyo hivyo. Ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwenye karatasi ambazo chumvi ya bahari huzila. Zilikaa kwenye masanduku, chini ya vitanda, juu ya dari. Katika miaka ya 1960 J. W. T. Allen alizunguka pwani akikusanya miswada ya namna hiyo, na mkusanyo huo umo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Aliipata kwa nani? Kwa akina mama na wazee waliokataa kuitupa. Wengi wao majina yao hayamo katika kitabu chochote. Hawakuwa washairi. Walikuwa warithi waliokuwa na nafasi ya kuchoma, wasichome.

Kwa hiyo ule msemo wa kwamba mshairi hafi, mimi naurekebisha. Mshairi hufa, na shairi nalo hufa, isipokuwa akatokea mtu wa tatu. Wa kwanza ni aliyeandika. Wa pili ni aliyeandikiwa. Wa tatu ni aliyetunza. Sayyid Abdalla, Mwana Kupona na Shaaban Robert walifanya sehemu yao, lakini matumaini yao yote yaliwekwa mikononi mwa mtu ambaye hawakumjua. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tumezoea kudhani methali hiyo ni ya wenye maduka.

Niseme na jambo langu, maana si haki kumhubiria mjane wa watu huku nimeficha langu. Marehemu baba yangu naye alikuwa na madaftari. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na alikuwa akituma mashairi gazetini na redioni. Machache yalisomwa, mengi hayakujibiwa. Mimi nilikuwa kijana niliyepata kazi mjini, nikiona aibu kidogo kwa yale mashairi ya mzee. Nilidhani ni mambo ya kizamani. Alipofariki nilikwenda kijijini kuzika, nikarudi mjini siku ya tatu, nikasema vitu vyake tutavishughulikia kwenye arobaini. Nilipofika siku ya arobaini chumba kilikuwa kimefagiliwa. Madaftari alipewa jirani muuza karanga, akakunjia karanga zake. Hakuna aliyefanya ubaya. Ni karatasi zilizoandikwa, kwao zilikuwa karatasi. Niliyekuwa najua ni nini ni mimi, na mimi sikusema.

Kilichobaki ni shairi moja tu, tena si zima, ambalo mama yangu analikumbuka. Huwezi kuamini linahusu nini. Si kifo, si Mungu, si uhuru. Linahusu sukari! Baba alilitunga ile miaka ya themanini ya foleni, aliporudi dukani mikono mitupu, na humo anaigombeza chai kwa kudai sukari kama mtoto wa tajiri. Mama alilisoma mbele yangu mwaka mmoja baada ya msiba, amekaa jikoni, anakoroga uji. Alipofika kwenye kibwagizo alicheka, nami nikamsikia baba. Si kumkumbuka. Kumsikia: ile namna yake ya kulalamika huku anakuchekesha ili usimwonee huruma. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba shairi halihitaji kutaja kifo ili lishindane nacho. Linatosha kuwa na sauti ya mtu. Ndipo pia nilipofahamu nimepoteza nini, kwa sababu mama mwenyewe anasema yale mengine yalikuwa mazuri zaidi.

Basi mama yangu wa Temeke, jibu langu ni hili. Usichome.

Lakini sitaki uishie kuyafunga kwenye mfuko na kuyatupa juu ya kabati jipya, maana mende wako kila mahali. Fanya mambo machache ambayo hayana gharama kubwa. Kwanza, kabla ya mwisho wa mwezi, waite watoto wote, hata yule wa kuchoma, na mjukuu mwenye sauti nzuri asome mashairi matatu kwa sauti. Msichague yaliyo mazuri. Fungueni popote. Nina hakika mahali fulani watamsikia baba yao, na baada ya hapo suala la kuchoma halitakuwa lako peke yako.

Pili, tafuta kijana anayejua kuandika vizuri ayanakili yote kwenye daftari jipya, au ayapige chapa, au hata ayapige picha kwa simu, ukurasa kwa ukurasa. Nakala moja ikae kwako, nyingine ikae nyumba nyingine. Kitu kilichoko mahali pamoja hakina tofauti sana na kilichopotea. Zile kurasa za mbele zenye vipimo usizichane. Siku moja mtu atataka kujua watu wa mtaa wenu walikuwa wanashona nini na kwa bei gani, na hapo fundi atakuwa shahidi.

Tatu, usiogope kwamba hayana thamani. Huenda mengi ni ya kawaida. Huenda mizani imepungua hapa na vina vimegongana pale. Hiyo si kazi yako kuihukumu, wala si yangu. Nne, na hili nalisema kwa adabu, ukikuta humo shairi la mapenzi lenye jina usilolijua, angalia kwanza tarehe. Kama ni la kabla hamjaoana, msamehe. Kama ni la baadaye, hilo ni lako, una haki ya kulinakili au kutolinakili. Hata wanachuoni wakubwa hawakutuletea kila karatasi.

Ukishamaliza, kama mtakubaliana kifamilia, peleka nakala maktaba, au kwa walimu wa Kiswahili wa chuo kikuu. Lakini maktaba iwe ya mwisho. Kwanza ni nyumba. Mwana Kupona hakuiandikia maktaba. Alimwita binti yake aje na wino na karatasi.

Umeniuliza uzitunze kwa faida ya nani. Mume wako, alipomaliza kupima kiuno cha mteja na kugeuza kitabu upande wa pili, bila shaka alikuwa amechoka, macho yanamuuma, na pengine kifua kimeanza kumsumbua. Angeweza kulala. Akaandika. Mtu haandiki miaka thelathini nyuma ya vipimo vya suruali bila kuamini kwamba kuna atakayegeuza kitabu. Wewe umekigeuza. Barua yako ndiyo ushahidi.

Nanyi wasikilizaji wengine, kabla hamjalala leo, mwulizeni mzee wenu kama ana daftari. Mkiwa bado mnaye, msingoje arobaini.

Mpaka juma lijalo, panapo majaaliwa, kwaherini.